Mchanga Kwenye Injini ya Kulia

Jumatatu, 2 Machi

Nimechoma vifuniko vya zamani vya injini leo. Vyote. Vilikuwa vimechakaa, vinapitisha mchanga kama ungo, na bado Baba Pacha alitaka tuvitie viraka. Huyu ni msaidizi wangu — ana mapacha wachanga nyumbani na huruma kwa kila kitu, hata kwa turubai. Nimemwambia maiti haitiwi viraka. Nikawasha kiberiti mwenyewe.

Akasema angalau tungengoja vipya vije kwanza. Fundi mkuu wa karakana hii ni mimi.

Bila vifuniko hatuwezi kukaa, hilo najua kuliko yeye. Mchanga wa hapa hauna adabu. Uko kwenye chai, uko kwenye shuka, uko kwenye meno. Mtu anautema. Injini ya ndege haitemi. Inaumeza, na kila punje inang'ata mapanga yanayozunguka ndani kidogo, kidogo, mpaka siku moja ndege inanyanyuka na injini inakohoa. Ndege ikikohoa iko juu, hakuna dawa ya kifua. Ndiyo maana boza linamwaga maji uwanjani kabla hatujawasha. Ndiyo maana ndege ikilala nje, injini zote mbili tunazifunga midomo.

Sasa habari yenyewe. Mkurugenzi kanipigia mchana: mshonaji kapatikana. Nani? Mke wa rubani wetu, ana cherehani nzito inayotoboa turubai.

Rubani wetu ni mtalaka wangu. Na huyo mke alikuja nyumbani kwangu kupima mapazia ya sebuleni, akaondoka na vipimo vya mume.

Nikasema sawa, Mkurugenzi. Ningesema nini?


Alhamisi, 5 Machi

Kaja. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu siku ya mapazia. Mwembamba, mrefu, macho chini. Nimempa jina papo hapo: Sindano. Mafundi wakacheka, kwa hiyo jina limeshika.

Vifuniko alivileta nyuma ya pikapu, akavishusha, akavitandaza mbele ya karakana ili nivione. Akavitandaza juu ya mchanga. Upande wa ndani chini!

Nilifurahi, sitajidanganya. Nikakiinua kimoja, nikakiingiza karakana, nikakigeuza, nikakipiga kofi moja. Mchanga ukamwagika sakafuni kwangu. Kumbe na pindo la ndani alilishona likiangalia juu, limejaa kama mfuko. Nikamwambia: kikulacho ki nguoni mwako, bibi. Tunafunika injini isile mchanga, wewe umetuletea mchanga umeshonewa mfuko wake.

Akasema samahani, dada, nitageuza pindo.

Angeishia hapo tungeishia hapo. Lakini hilo "dada" limenichoma. Nikamwambia aokote. Nini? Mchanga. Sakafu ya karakana haikai na mchanga. Ufagio ulikuwa pale ukutani, kila mtu anauona. Nikamwambia ufagio una kazi nyingine.

Akapiga magoti, akaokota kwa vidole. Mafundi wakaacha kucheka. Baba Pacha akaondoka kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nilikuwa namngoja ainue macho aseme neno moja tu. Hakusema. Hasira yangu ikakosa pa kukaa, nikarudi nayo nyumbani.


Jumamosi, 7 Machi

Mama kavaa gauni jipya. Limemkaa vizuri, na hapo ndipo tatizo lilipo. Nikamuuliza kakushonea nani. Akasema unamjua.

Naishi na mama yangu mzazi, nampikia, nampeleka hospitali, na bado anapeleka kitambaa kule! Nikamwambia, mama, huyo kanivunjia nyumba. Akasema nyumba ilishakuwa na ufa, mwanangu, yeye kapitia hapo tu.

Jioni nimelifua gauni. Nimetia dawa ya kung'arishia, nyingi. Limeruka rangi mgongoni. Nimemwambia bahati mbaya. Kaliangalia, kaniangalia, akalivaa hivyo hivyo.


Jumatatu, 9 Machi

Sindano karudi na vifuniko. Safari hii kavifunga kwenye shuka safi, kavibeba begani kutoka getini, hajavigusisha chini.

Nimevikagua kila mshono. Nimevivalisha injini zote mbili. Vimekaa kama ngozi. Pindo linaangalia chini, mchanga hauna pa kulala. Mshono mara tatu. Hata mimi mwenyewe nisingeweza kushona vile. Nilizunguka ndege nikitafuta kosa kama mtu aliyeangusha pete.

Nikalipata. Mikanda.

Mikanda ya kifuniko lazima iwe myekundu na ining'inie nje, ili rubani aione asiwashe injini iliyofunikwa. Yake ilikuwa myekundu. Nikaishika, nikaipeleka kwenye mwanga, nikasema: wekundu huu si wekundu. Hii ni rangi ya damu ya mzee.

Baba Pacha akasema taratibu, mkuu, mbona unaonekana hata kutoka getini? Nikamuuliza macho yake ameyasomea wapi.

Sindano akaniomba niviache vikae kwa muda, atatafuta mikanda mingine, maana mume wake kamwambia upepo mkubwa unakuja katikati ya wiki. Mume wake. Kanitajia mimi utabiri wa mume wake! Nikamwambia kitu kisichokubaliwa hakilali kwangu. Chukua.

Akavifungua mikanda mmoja mmoja. Mafundo kayafungua vizuri. Akavikunja upande wa ndani ndani, kama nilivyomfundisha. Akabeba.

Baba Pacha hajanisemesha mchana kutwa. Nani kamwomba?


Jumanne, 10 Machi

Utabiri ni kweli, upepo ni kesho. Baba Pacha kasema aende na pikipiki akavichukue vifuniko, dakika chache tu. Nimemkatalia. Nimesema hizo tufani zao kila mwaka zinatabiriwa na kila mwaka tunakunywa chai.

Ndege ya pili iko ndani ya karakana, imeinuliwa juu ya jeki, magurudumu yametolewa. Haisogei. Kwa hiyo hii ya kwanza inalala nje.

Nimemsikia Baba Pacha akimwambia fundi wa umeme kwamba mkuu anagombana na mtu, ndege ndiyo itapigwa. Kesho atasafisha matangi peke yake.


Jumatano, 11 Machi

Umekuja.

Saa nne asubuhi upande wa mashariki ukawa ukuta. Tukakimbia na magodoro ya chumba cha walinzi, mablanketi, utepe wa gundi, kamba. Magodoro! Mimi, fundi mkuu, nasokomeza godoro lenye madoa ya mkojo kwenye mdomo wa injini.

La kushoto lilikaa. La kulia lilichomoka. Nililiona likibiringika uwanjani na sikuweza hata kufungua mlango wa karakana. Injini ikabaki wazi, ikaanza kuzunguka yenyewe kwa upepo, polepole, kama mtu anayetafuna. Ilitafuna mpaka alasiri.

Mafundi walikuwa wamekaa sakafuni, vitambaa puani. Wote walikuwa wanajua vifuniko viko wapi. Viko kabatini kwa mshonaji, vimekunjwa.

Nimeogopa leo. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana mtu.


Alhamisi, 12 Machi

Mkurugenzi alifika kabla hatujamaliza kufagia. Swali la kwanza: vifuniko viko wapi? Nikamwambia mshonaji kachelewesha. Neno limetoka lenyewe, laini, halikukwaruza hata koo.

Baba Pacha alikuwa karibu. Nikamtazama. Akatazama viatu vyake. Ana mapacha, ana kodi ya nyumba, ana mimi.

Mkurugenzi akapiga simu hapo hapo. Kazi ya kushona basi. Na viti vya ndege alivyokuwa aanze kushonea, basi navyo. Nilikuwa naisikia sauti ya Sindano upande wa pili, haijitetei, inasema tu ndiyo, ndiyo. Hilo linanikera kuliko matusi.

Kisha tukaosha injini, maji yakatoka kama uji. Nikamtuma Baba Pacha alete maji mengine, nikaingiza nyoka peke yangu. Nyoka ni kamera yetu, uzi mrefu wenye jicho mbele. Kushoto hakuna kitu. Kulia —

Mapanga yameliwa. Safu ya kwanza ncha zimepinda. Safu ya pili na ya tatu makali yametafunwa kama kucha za mtoto mwoga. Panga moja lina pengo ninaloweza kuingiza ncha ya kidole. Kipimo kinachoruhusiwa nakijua kwa moyo. Imepita kipimo, tena si kidogo. Injini hii ni ya kushushwa, isiwashwe na mtu.

Ikishushwa, Mkurugenzi ataitisha kikao. Kikao kitamwita mshonaji. Mshonaji ataingia na vifuniko begani, vimekamilika, na mafundi wote watalazimika kusema viliondoka hapa siku gani na kwa neno la nani. Mimi nje. Na yule bwana, mtalaka wangu, atakuwa amekaa palepale, na mke wake, wananitazama nikikusanya spana zangu.

Nilichomoa nyoka. Mkurugenzi akauliza vipi. Nikasema haina neno.

Nilichunga ulimi. Sikusema "safi." Hapa kwetu injini ikitoka matengenezoni, fundi mmoja husimama mbele ya rubani na kusema neno hilo, safi. Na aliyelisema ndiye anayepanda safari ya kwanza, kiti cha nyuma ya rubani. Hiyo sheria niliileta mimi mwenyewe nilipopewa karakana. Nilisema mdomo na mwili viende pamoja. Walinipigia makofi.


Ijumaa, 13 Machi

Majaribio ni Jumatatu. Ndege tupu, rubani na fundi, kuzunguka mara moja na kutua.

Nimemwita Baba Pacha ofisini, nimemkaribisha kiti. Hajawahi kukaa kiti kile. Nimemwambia umekomaa sasa. Mimi sitakuwa hapa milele, lazima watu waanze kulizoea jina lako. Jumatatu useme safi wewe.

Ningekuwa na moyo ungeniuma. Kafurahi mpaka kasimama, kakaa tena. Kanitolea simu kunionyesha mapacha, mmoja kalala juu ya mwenzake. Nimesema wazuri. Na kweli ni wazuri.

Halafu akasema, kwa adabu zote, mkuu, naomba basi nami nipitishe nyoka mara moja, niseme nilichokiona kwa macho yangu. Nikamuuliza: nimeangalia mimi, huniamini? Masikio yakamshuka. Akasema hapana mkuu, sikuwa na maana hiyo. Akaomba radhi. Akashukuru tena mlangoni.

Simtakii mtu kifo. Niandike hilo lisomeke. Ndege ina injini mbili. Iko tupu, nyepesi, hewa ya asubuhi ni nzito na nzuri. Itaruka na itatua. Baada ya hapo nitatafuta kasoro nyingine, nitaishusha injini kimyakimya, kosa litakuwa la siku nyingine. Yule bwana ninamtakia aibu tu. Moshi kidogo. Ashuke uwanjani kichwa kimeinama.


Jumamosi, 14 Machi

Sindano kaja nyumbani! Kwangu! Kavua viatu nje, kakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayekuja kukopa.

Kaja kuomba msamaha. Kwa kuchelewesha vifuniko. Ambavyo hakuchelewesha. Anajua, mimi najua, mama aliyekaa pale na gauni lake lililoruka rangi anajua. Kasema nyumba haitaki ugomvi, mume wake anafanya kazi chini ya mikono yangu, injini zake ziko mikononi mwangu, kwa hiyo, dada, kama nimekukosea nisamehe.

Alisema kwa sauti ndogo. Nikamwambia sijasikia.

Akarudia.

Nikamwambia sijasikia, mlango wa uani uko wazi, kelele za mtaani zinaingia. Akainuka, akaufunga mlango, akarudi, akasema mara ya tatu, kwa nguvu, majirani wakasikia. Machozi yalikuwa yanatoka lakini sauti haikukatika.

Nikasema haya. Nenda.

Alipotoka mama akanigeukia. Mwanangu, akasema, wewe unakula watu wabichi. Nikamwambia hajui lolote. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia nimechoka na methali zake, akale alale.

Chakula sikugusa.


Jumatatu, 16 Machi

Ofisini. Dirisha linaangalia uwanja wote. Kwa kawaida ndege ikiruka mimi husimama pale uani kuisikiliza, wote wanajua, masikio yangu hayana mpinzani. Leo nimesema mgongo unaniuma.

Boza limepita, uwanja umelowa. Baba Pacha kavaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Kasimama mbele ya rubani, kavuta pumzi, kasema safi. Nimeona midomo yake kupitia kioo. Mafundi wakapiga makofi. Yule bwana akampa mkono, akamgonga bega, wakapanda. Kabla hajaingia Baba Pacha akageukia dirisha langu akapunga. Nikapunga.

Nilikuwa sijakaa vizuri mlango ukagongwa. Sindano. Kabeba vifuniko kwenye shuka. Kabadilisha mikanda. Kasema, dada, kazi najua imeisha, lakini hivi ni vya injini, mimi nitavifanyia nini nyumbani? Akaonyesha mkanda. Mwekundu kama nyanya. Akauliza huu unafaa? Nikasema weka. Hajaviweka, kakaa navyo mapajani kwenye benchi. Kaniomba amwone mume wake akiruka, halafu aende. Huwa anamwangalia akiwa nje ya uzio, leo kuna jua kali.

Tumbo lake limeanza kuonekana. Sikuwa nimeona. Ni ule mzigo wa shuka uliokuwa unaficha mpaka alipoketi.

Wanawasha ya kushoto. Nzuri.

Wanawasha ya kulia. Imeshika. Kuna mluzi ndani yake. Mwembamba, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Niliombea usiwepo.

Sindano kauliza, dada, huo mluzi ni wa nini? Nimemwambia upepo.

Hakuna upepo. Bendera ya uwanja imelala.

Wanatembea. Wanakwenda mwisho wa uwanja kugeuka. Yule bwana haongezi nguvu juu ya mchanga, anatembea taratibu, kama nilivyomfundisha tulipokuwa tunakula sahani moja. Hilo hajalisahau.

Naandika ili mkono uwe na kazi. Redio iko mezani, karibu na kikombe. Neno moja tu lingetosha. Zima. Halafu kikao, halafu vifuniko, halafu mimi. Ndege ina injini mbili. Ni nyepesi. Hewa nzito.

Wamegeuka. Wamesimama. Anapandisha nguvu huku kafunga breki. Mluzi umekuwa mkubwa, kioo cha dirisha kinatetemeka.

Redio. Ni yeye. Anasema fundi mkuu, ya kulia inapanda joto kuliko ya kushoto, na kuna sauti siipendi. Fundi wako hapa anasema uliiangalia mwenyewe. Nikuulize wewe. Niende?

Anasema kwa upole. Hajawahi kunisemesha hivyo tangu aondoke.

Kalamu ndiyo hii mkononi.

Anaita tena. Fundi mkuu, unanisikia? Niende, au nisiende? Nyuma yake namsikia Baba Pacha anacheka kidogo, anasema mkuu yuko dirishani anasikiliza, tuende tu, kaka, injini ni safi.

Dada, wanakuita, anasema Sindano.

Nimemwambia sijasikia.

Kaviweka vifuniko kwenye benchi, upande wa ndani ndani. Kainuka. Kaja mezani, kanitazama, kaitazama kalamu. Kaichukua redio kwa mikono miwili, anaigeuza huku na huku. Ananiuliza kitufe ni kipi.